Chapa Moja Kati ya Kumi na Nane

Mwaka 1633, mjini Paris, ilitoka seti ya chapa 18 zenye jina refu la Kifaransa, Les Misères et les Malheurs de la Guerre, yaani taabu na balaa za vita. Aliyezichora ni Jacques Callot, mzaliwa wa Nancy, mji mkuu wa Lorraine, nchi ndogo iliyokuwa na mtawala wake na iliyobanwa kati ya Ufaransa na milki ya Wajerumani. Chapa ya kwanza ni ukurasa wa jina. Ya pili inaonyesha watu wakiandikishwa jeshini. Ya tatu ni mapigano: farasi wamegongana vifua kwa vifua, moshi umetanda, wengine wamelala chini ya kwato. Halafu basi. Ukifungua ya nne, majeshi yamekwisha kuachana, na mpaka unafika mwisho hayakutani tena.

Mtu amekaa kuchora vita, na kile ambacho sisi wote tunakiita vita amekipa karatasi 1 kati ya 18. Tena kakiweka mapema, kama mgeni anayemaliza salamu haraka ili aingie kwenye habari iliyomleta. Nimezitazama chapa hizi usiku mwingi, kazi ikishaisha, na hesabu hiyo bado imenikaa kichwani. Mimi ni mwandishi wa habari, nakaa dawati la habari za kimataifa, na sehemu ya ugali wangu inatokana na kuamua msomaji ataiona vita kwa picha gani. Ndiyo maana nataka tuzungumze kuhusu huyu bwana wa miaka karibu 400 iliyopita.

Kwanza neno kuhusu sanaa yenyewe, maana bila kuijua hutaona alichokifanya. Kwa Kiswahili haijapata jina lililokaa. Mimi naiita chapa ya tindikali. Fundi anachukua bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likang'aa, analipaka nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, kisha anachora juu ya nta hiyo kwa sindano. Hakati shaba. Anaondoa nta tu, shaba ibaki uchi pale mstari ulipopita. Halafu bamba linaogeshwa tindikali, nayo inakula palipo wazi na kupaacha palipofunikwa. Mwisho nta inasafishwa, wino unasuguliwa uingie kwenye mifereji ile, juu panafutwa, karatasi yenye unyevu inalazwa, na vyote vinapitishwa katikati ya rola mbili nzito. Picha inatoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Bamba moja linaweza kutoa nakala mamia.

Njia ya zamani ilikuwa kuichonga shaba moja kwa moja kwa kipatasi chenye ncha kali, kazi inayotaka miaka ya mafunzo na mkono wenye nguvu. Kwenye nta mkono unateleza kama unaandika barua. Kwa hiyo chapa ya tindikali ilikuwa na haraka fulani, na haraka hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe na watu waliotaka kueleza mambo yaliyotokea juzi.

Na ujuzi huu ulitoka wapi? Ulitoka kwenye silaha. Mafundi wa deraya, yale mavazi ya chuma ya wapiganaji, ndio waliotumia tindikali kutia nakshi kwenye kofia na vifua vya chuma vya wakubwa. Daniel Hopfer wa Augsburg, fundi wa nakshi hizo, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuuhamishia ujuzi huo kwenye karatasi, karne ya 16 ikiwa ndiyo inaanza. Mabamba yake yalikuwa ya chuma, kama deraya zenyewe. Mwaka 1518 Albrecht Dürer naye alitumia bamba la chuma kuchora mzinga mkubwa umesimama mlimani, na bondeni kijiji kimetulia na paa zake na miti yake. Hakuna aliyefyatua kitu. Lakini ukiitazama kwa muda, huwezi tena kukiangalia kile kijiji bila kupima umbali wa mzinga.

Baada ya hapo vita vikawa mada ya kila mtu. Antonio Tempesta, Mtaliano aliyezaliwa Florence na kufanya kazi Roma, alikuwa bingwa wa mapigano. Mwaka 1612 zilitoka chapa zake za vita vya Wabatavi na Warumi wa kale. Ni nzuri, sikatai. Mbele kuna tako kubwa la farasi, kuna shujaa mwenye misuli, upanga uko juu, adui yuko chini. Kila mwili umepangwa kama wachezaji wa ngoma. Ukiondoa jina la vita moja ukaweka la nyingine, hakuna kitakachopungua.

Pia kulikuwa na watu wa fani yangu. Frans Hogenberg aliikimbia nchi yake, Uholanzi ya Kusini, akahamia Cologne, na kutoka huko akawa anatoa chapa za habari, karatasi baada ya karatasi, kuhusu uasi wa Waholanzi dhidi ya Hispania. Mwaka 1576 askari wa Hispania ambao walikuwa hawajalipwa mishahara waliuvamia mji wa Antwerp, wakaupora na kuua watu. Hogenberg akaichora: mtaa unawaka, watu wanakimbia, chini maelezo mafupi. Hiyo ni habari, haina jina lingine. Nikiziangalia kazi zake naona kabisa dawati, naona mtu anayewahi soko kabla habari haijapoa.

Hogenberg huyo huyo, pamoja na Georg Braun, alianza kutoa mwaka 1572 kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Humo wamo jirani zetu: Kilwa na Mombasa. Mwaka 1505 meli za Kireno chini ya Francisco de Almeida ziliipora Kilwa, kisha zikaipora Mombasa na kuichoma moto. Kwenye kitabu cha Cologne, miaka 67 baadaye, Kilwa imekaa kwa utulivu juu ya maji, majengo yake yamesimama. Antwerp ilipoteketea ilipata mchoraji wake. Kilwa na Mombasa zilipata mandhari. Silaumu, Hogenberg hakufika kwetu, alichora kutokana na vilivyomfikia. Ila nikikaa dawatini najiuliza kila siku ni mji gani leo unapewa moto na ni upi unapewa mandhari.

Sasa turudi kwa Callot. Alikwenda Italia akiwa kijana, akatumikia ukoo wa Medici mjini Florence mpaka mwaka 1621. Alichora sherehe, michezo ya jukwaani, vilema, ombaomba, magulio. Chapa yake ya gulio la Impruneta, ya mwaka 1620, ina watu zaidi ya elfu moja, na kila mmoja ana shughuli yake. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo Tempesta hakulihitaji: kumfanya mtu mwenye ukubwa wa punje ya mchele aonekane ana safari.

Aliongeza mambo mawili kwenye ufundi. La kwanza, badala ya nta laini alitumia vanishi ngumu ya aina waliyotumia mafundi wa ala za muziki za nyuzi, ambayo haikuachia tindikali ipenye ovyo. La pili, alitumia chombo chenye ncha iliyokatwa mshazari, kinachochora mstari unaoanza mwembamba, unanenepa, kisha unakonda tena, kulingana na jinsi unavyokizungusha vidoleni. Kwa vanishi ile ngumu aliweza kulirudisha bamba kwenye tindikali mara kadhaa. Sehemu za mbali, vilima na majeshi ya kule nyuma, zinaonjeshwa kidogo halafu zinafunikwa. Sehemu za karibu zinarudi ndani, zinaliwa zaidi.

Nilipolielewa hilo nilisimama kwanza, nikatembea chumbani. Yaani kwenye bamba la Callot umbali ni muda. Aliye mbali tindikali ilimgusa kidogo. Aliye karibu alikaa ndani yake mpaka mwisho.

Kabla ya seti ya 1633, Callot aliwachorea wakubwa. Mwaka 1625 jenerali Spinola wa Hispania aliuteka mji wa Breda baada ya kuuzingira kwa miezi mingi. Isabella Clara Eugenia, binti wa mfalme wa Hispania aliyekuwa akitawala Uholanzi ya Kusini, alimtaka Callot auonyeshe ushindi huo, na mwaka 1628 kazi ikawa tayari: mabamba sita yanayounganishwa kuwa picha moja yenye zaidi ya mita moja kila upande. Ni ramani na ni mandhari kwa pamoja. Unauona mji kutoka juu kama ndege, mahandaki, ngome, kambi, safu za askari, na chini mbele maisha ya kambini pamoja na mikokoteni yake. Baadaye Louis XIII wa Ufaransa naye akataka zake, za La Rochelle na kisiwa cha Ré. Hizi ni picha za ukutani. Zinamtaka mtazamaji asimame mbali kidogo, aone jinsi mambo yalivyopangwa na aliyeyapanga.

Chapa za Misères zina ukubwa gani? Karibu sentimita 8 kwa 19. Nilichukua rula, nikakata karatasi ya kipimo hicho, nikaiweka mezani. Ni kama bahasha ndefu iliyokatwa kidogo upande wa juu. Ndani ya bahasha hiyo kuna nyumba nzima, ua, jeshi, mti wa kunyongea. Huwezi kuitazama ukiwa umesimama mbali. Lazima uishike, uinamishe kichwa, uilete karibu na uso kama mtu anayesoma barua kwa mwanga hafifu. Na ukishaileta karibu, ndipo unapoona kinachofanyika.

Chukua ya tano. Askari wameingia kwenye nyumba kubwa ya mkulima. Ukitupa jicho unadhani ni karamu, kwa sababu kuna pilikapilika nyingi, mapipa yanafunguliwa, vyakula vinashushwa, watu wako kila kona. Sogea. Upande wa kulia mtu ananing'inia kichwa chini, miguu imefungwa juu, na chini yake moto umewashwa ili aseme alikoficha pesa. Kule nyuma kuna kitanda, na mwanamke, na askari. Hakuna aliyegeuka kuangalia. Callot hakumpa mateso yule mtu nafasi ya katikati. Aliyaweka kati ya mapipa na nyama, kama kazi moja miongoni mwa kazi za mchana ule. Kama unataka kuyaona, uyatafute mwenyewe.

Mpangilio wa seti nzima umehesabiwa. Kuanzia ya nne mpaka ya nane ni uhalifu wa askari: uporaji, nyumba ya mkulima, nyumba ya watawa, kijiji kinachoungua, gari la farasi linalovamiwa njiani. Ya tisa, wahalifu wanasakwa na kukamatwa. Kuanzia ya 10 mpaka ya 14 ni adhabu: kuninginizwa kwa mikono iliyofungwa nyuma, kunyongwa, kupigwa risasi, kuchomwa moto, kuvunjwa mifupa kwenye gurudumu. Tano za makosa, tano za adhabu. Ya 15 ni hospitali. Ya 16 ni askari wanaokufa kando ya njia. Ya 17, wakulima wanalipiza kisasi. Ya 18, mtawala yuko kwenye kiti chake anagawa zawadi.

Inayojulikana zaidi ni ya 11. Mti mmoja mkubwa umesimama katikati ya uwanja, na kwenye matawi yake wananing'inia watu wapatao 20, wamelegea, wamefuatana kama maembe. Kwenye ngazi kasisi anamwinulia msalaba anayefuata. Chini ya mti, wanaume wanarusha dadu juu ya ngoma ya jeshi. Kuzunguka uwanja wote, askari wamesimama kwa safu na mikuki yao iliyonyooka. Nimeona picha hii imewekwa kwenye majalada ya vitabu, na naelewa kwa nini, ni picha inayojisimamia. Lakini ikikaa peke yake inadanganya. Unadhani walionyongwa ni wanakijiji wasio na hatia. Ukizifuata chapa kwa mpangilio wake unajua ni wale wale wa ya tano.

Hapa ndipo ninapomkumbuka baba yangu mdogo. Alikwenda vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, akatembea mpaka ndani ya Uganda. Sisi watoto tulikulia kwenye hadithi zake na hatukuchoka: viatu vilivyolowa vikakataa kukauka, miguu iliyochubuka, mwenzake aliyekuwa akikoroma mpaka wanamwamsha kwa hofu ya adui kusikia, bibi mmoja aliyewawekea ndizi mbivu kando ya njia kisha akaingia ndani akafunga mlango bila kusema neno. Siku moja, nilipokuwa nimeshaanza kazi, nikamwuliza kama mwandishi.

"Shikamoo baba mdogo. Na mapigano yenyewe? Mbona huyasemi?"

"Marahaba." Akafikiri. "Kelele, mwanangu. Kelele na vumbi. Usiku tukalala."

Kisha akarudi kwenye viatu.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba anaficha, kwamba kuna mlango ambao hataki kuufungua, na pengine ni kweli upo. Lakini mwaka jana nilipompelekea chapa za Callot kwenye simu, nilianza kuwaza vingine. Alivaa miwani, akazikuza kwa vidole viwili, taratibu. Ya pili, ile ya kuandikishwa, ambapo kuna meza na watu wanapokea pesa, ilimchekesha. "Hawa wanalipwa kabla?" Ya tatu, ya mapigano, aliipita kama mtu anayepita tangazo. Nyumba ya mkulima aliikalia kimya. Kwenye hospitali, ambapo wanaume wenye magongo wanajikokota uani, wengine hawana miguu, alikaa muda mrefu zaidi, kisha akanirudishia simu na kuuliza kama chai ipo.

Nadhani sasa kwamba hakuwa akiniruka. Alikuwa akinipa vita kwa uwiano wake. Mapigano ni dakika au saa. Kutembea, kula, kuumwa, kuogopa na kuogopwa ni miezi, na magongo ni miaka. Mtu aliyekuwepo anaujua uwiano huo mwilini. Sisi tuliokaa mbali ndio tuliougeuza.

Pale dawatini tumeugeuza kabisa. Kila jioni mashirika ya habari yanatuletea picha kwa mamia. Za vita zinakuja za aina zote: moshi, kifaru, mpiganaji ameinua bunduki, lakini pia foleni ya maji, mama anakunja godoro, mwalimu amekaa darasani bila wanafunzi. Mhariri mmoja niliyefanya naye kazi zamani alikuwa na msemo wake: foleni ya maji haiuzi. Na hakuwa mtu mbaya, alikuwa anajua mauzo. Kwa hiyo moshi unapanda ukurasa wa mbele, foleni inabaki kwenye kompyuta. Ukikusanya kurasa zetu za mbele za mwaka mzima utapata Misères iliyopinduliwa, 17 za mapigano na 1 ya mengine yote.

Nisimfanye Callot kuwa mwanaharakati wa amani. Wapo wanaomsoma hivyo na mimi nawaelewa, lakini chapa zenyewe zinakataa. Chini ya kila moja, ukiacha ukurasa wa jina, kuna mistari sita ya mashairi iliyochapwa pamoja na picha, na sauti yake ni ya mwalimu wa nidhamu: askari mwovu ataona malipo yake. Chapa tano za adhabu zimechorwa kwa utulivu ule ule, safu zile zile, uwanja ule ule msafi. Na mwisho kabisa yuko mtawala anayewatuza waliotumikia vizuri. Ukitaka kuisoma seti hii kama sifa kwa serikali inayojua kunyonga, unaweza.

Ila soma tena. Jeshi linalopora kwenye ya nne limeandikishwa kwenye ya pili, mbele ya meza ya pesa. Nani aliiweka ile meza? Majeshi ya vita vya miaka 30, vilivyoanza 1618 na kwisha 1648, yalilishwa na nchi yalizopita, kwa sababu mishahara ilichelewa au haikuja kabisa. Antwerp ya 1576 ilikuwa hesabu hiyo hiyo. Mkulima ndiye aliyekuwa bajeti. Kwa hiyo yule anayenyonga kwenye ya 11 na kutuza kwenye ya 18 ndiye pia aliyeshindwa kulipa kati ya ya pili na ya nne. Callot haandiki hivyo popote. Anazipanga tu chapa, na anakuachia wewe msomaji uwe na kumbukumbu.

Halafu kuna ya 17, ambayo nikiifikia huwa napunguza mwendo. Baada ya hospitali na wanaokufa njiani, unatarajia huruma. Badala yake wakulima wametoka msituni, wamewavamia askari, wanawapiga kwa zana za shambani, wanawavua nguo wakiwa wamelala chini. Hawa ni wale tuliowaonea huruma kwenye ya tano. Sasa hakuna aliyebaki msafi wa kumkimbilia, na chapa inayofuata ni ya kiti cha enzi.

Jambo moja zaidi: hawana bendera. Utatafuta kwenye nyumba ile, kwenye kijiji kile kinachoungua, hutapata alama ya kukuambia hawa ni Wafaransa, Waswidi au watu wa Kaisari. Ni askari. Ukitaka kuona tofauti, nenda mbele miaka 40. Mwaka 1672 jeshi la Louis XIV liliivamia Uholanzi, na vijiji vya Bodegraven na Zwammerdam vikachomwa. Mwaka 1673 kikatoka kitabu cha Abraham de Wicquefort chenye chapa za Romeyn de Hooghe zinazoonyesha ukatili huo, na hapo hakuna shaka nani ni nani. Wauaji ni Wafaransa, wanaouawa ni Waholanzi, na kitabu kinawataka Waholanzi wakasirike wasikubali kushindwa. Miili imejaa, moto umejaa, mikono imeinuliwa mbinguni. De Hooghe alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mateso ya watu wale, mara yalipochapwa, yalikuwa tayari yameshaandikishwa jeshini.

Hapa nimekwama, na sitajifanya nimekwamuka. Kama mwandishi wa habari siwezi kufuata njia ya Callot. Kijiji kikichomwa, kazi yangu ni kusema nani kakichoma, lini, kwa amri ya nani. Askari wasio na bendera ni zawadi kwa waliowatuma. Wakati huo huo najua kwamba picha yenye bendera kubwa sana inamfanya msomaji aache kumtazama mtu aliyeninginizwa juu ya moto, aanze kutazama ni wa upande gani kabla hajaamua kama inamuuma. Nimeona maoni chini ya habari zetu. Swali la kwanza huwa ni hilo.

Ninachoweza kuchukua kutoka kwake ni uwiano. Majina yakae kwenye maandishi, yote, bila woga. Na kwenye picha tupigane kidogo, mkutano hadi mkutano, kwa ajili ya foleni ya maji. Mara mbili tatu mwaka huu nimeshinda. Siyo nyingi, lakini kila niliposhinda nilikuwa nimefungua ya 15 kwenye kompyuta, upande, bila kumwonyesha mtu.

Mwezi Septemba 1633, mwaka ule ule seti ilipotoka, Louis XIII aliuteka mji wa Nancy. Kuna kisa kilichosimuliwa na mwandishi Félibien baadaye katika karne hiyo hiyo: mfalme alimtaka Callot achore kutekwa kwa mji wake kama alivyochora La Rochelle, naye akajibu kwamba angeona afadhali ajikate kidole gumba. Kama maneno yalikuwa hayo hayo au yalipambwa njiani, chapa ya kutekwa kwa Nancy kutoka mkono wake haipo. Mtu aliyechora Breda kwa ajili ya mshindi, na La Rochelle kwa ajili ya mshindi mwingine, hakuchora huo. Miaka miwili baadaye, 1635, alifariki mjini humo humo.

Chapa zake zimo kwenye tovuti za makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, bure, na unaweza kuzikuza mpaka uone ukingo wa mstari pale tindikali ilipouma. Ukizifungua, zifungue zote 18, kwa mpangilio, usianze na ule mti. Ukifika kwenye hospitali tulia kidogo. Kuna mwanamume kule uani ameweka uzito wote kwenye magongo mawili. Hapigani na mtu. Anajaribu kuvuka ua.